Gari la Majitaka Linabeba Maji

Nilipokuwa fildi mwaka jana kwenye shule moja huko Mgori, Singida, choo cha wavulana kilijaa wiki ya tatu tu. Gari la kunyonya lilitakiwa litoke Singida mjini, na bei tuliyotajiwa ilimfanya mwalimu wa zamu acheke kwa uchungu. Mlango ukapigiliwa miti. Wavulana wakawa wanaenda vichakani, na sisi walimu tukajifanya hatuoni.

Jamani, lile gari linabeba maji. Chukua lita 1,000 za tope la choo ambalo asilimia 3 tu ndiyo yabisi. Hizo ni kama kilo 30. Ukilikamua mpaka yabisi ifike asilimia 20, unabaki na kilo 150, mzigo wa mkokoteni wa punda. Shida ni kwamba tope halikamuliki kirahisi. Chembe zake zina chaji hasi, zinasukumana, na maji yananaswa katikati.

Sisi wa Kemia dawa yake tunaifundisha kila mwaka, ila kwa maji ya kunywa: shabu. Aluminiamu yake ina chaji chanya, inazikusanya chembe ziwe mabonge. Chokaa nayo inasaidia, lakini tani moja ya yabisi inaweza kula kilo 300 hadi 800. Mbegu za mlonge zimeshajaribiwa pia: kilo 400 hadi 500. Shule gani itazipata?

Ndiyo maana mimi naufikiria udongo wa mfinyanzi. Ukiwa mbichi hausaidii sana, maana nao una chaji hasi. Ila ukilowekwa kwenye maji ya shabu, ukakaushwa na kusagwa, uso wake unaweza kugeuka chanya. Hapo unashika chembe, unaongeza uzito, na tope likibanwa unaacha vinjia vya maji kupita.

Naomba wenzangu wa mwaka wa tatu tuufanye huu uwe mradi, badala ya kunakili ripoti za kaka zetu. Vifaa ni ndoo, kitambaa, mizani na saa. Na glavu, tafadhali! Tope lililokamuliwa bado lina mayai ya minyoo, halimwagwi shambani hivi hivi.

Mungu akipenda nitaajiriwa. Nikipangiwa Mgori tena, sitaki kuikuta ile miti mlangoni.