Staa Kaua Injini, Matusi Kala Fundi

Kuna staa wetu mmoja, jina naweka kapuni, juzi kaingia laivu kumchana fundi wake kwamba kamuulia Subaru. Komenti zikafurika: "tapeli huyo", "gereji ifungwe". Ndani ya siku mbili wateja wawili wakaja kuchukua magari yao pale. Mimi siyo ndugu wa fundi, ila siku kazi inapokelewa nilikuwepo, nasubiri breki pedi zangu. Acha niseme.

Jamaa alitaka vitu viwili: turbo isukume zaidi, na ekzosi ipige "pa pa pa" akitoa mguu kwenye mafuta. Fundi akamwambia sawa kaka, ila tuanze na pampu ya mafuta na nozeli kubwa, halafu ndiyo tuguse programu ya kontroli boksi. Staa akauliza bei, akacheka. "We nipe sauti, hayo mengine nani anayaona?"

Sasa sikia. Turbo kazi yake ni kushindilia hewa kwenye injini, na hewa ikiongezeka mafuta nayo lazima yaongezeke. Ukitembea taratibu, injini ya petroli inatumia kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Ukikanyaga turbo ikajaa, wanaojua kutuni wanataka hewa iwe 11 au 12 hivi, maana yale mafuta ya ziada ndiyo yanapunguza joto ndani. Wewe umeongeza presha, pampu ni ileile ya kiwandani na imechoka. Mafuta hayatoshi, joto linapanda, petroli inalipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio, pistoni inapigwa nyundo. Sensa ya kusikia huo mgongo ipo, na kontroli boksi inajitahidi kuchelewesha cheche, lakini ina kikomo. Kwenye injini nyingi za EJ kinachokatika ni ile kingo ya pistoni inayoshika ringi. Ndiyo hiyo "imenoki" yenu.

Halafu hizi Subaru kali za turbo zinazotoka Japani zilipangwa kwa petroli yao ya juu, ile inayofika oktani 100. Ya kwetu haifiki huko. Yaani gari hujaligusa na tayari linajibana.

Na ile pa pa pa? Ni mafuta yanayoungulia kwenye ekzosi. Tamu, sikatai, mwenyewe huwa nageuka. Ila turbo inaokwa.

Fundi naye ana kosa, tusidanganyane. Alikubali. Kodi ya gereji inadai, na ukimkatalia mtu mwenye wafuasi kibao anavuka barabara kwa jirani. Lakini angemtumia hata meseji, "umekataa pampu", leo angekuwa na cha kuonyesha.

Staa ataagiza injini nyingine, hela anayo. Kinachoniuma ni dogo wa mtaani kwetu mwenye Forester ya mkopo, anabebea abiria, kashaniuliza, "Bro, ile sauti bei gani?" Nikamuuliza pampu yako imebadilishwa lini. Akanikodolea macho.

Staa, najua huwa unapita hapa. Ingia laivu tena, safari hii utuambie uliagiza nini siku ile. Komenti ziko wazi.