Damu inasema mbele mwili uanguke

Kule Alaska, ku ghuba ya Cook, kuko ndeke wa bahari mwenye kuitwa mouette tridactyle. Samaki zikipunguka, damu yake inajaa kortikosteroni, hormoni ya mahangaiko. Kwa muda mufupi inamusaidia: inamupa nguvu ya kutafuta chakula. Lakini njaa ikikaa musimu muzima, hormoni ile inamugeukia. Anaacha kiota, bitoto binakufa. Wenye elimu waliitia katika mwili wa ndeke wamoja ili wahakikishe: kati ya wale, wenye kurudi mwaka wa nyuma walikuwa wachache kuliko wenzao.

Mutu pia iko na hormoni ya jamaa ile, kortisoli. Ndugu wasomaji, ku mugodi wanatupima mapafu na masikio, ni muzuri. Lakini zamu za usiku, na woga wa mukataba wa miezi mitatu, nani anabipima? Sisi wa sendika tunaomba munganga wa kazi aulize usingizi, apime tansio, ahesabu zamu. Ndeke wanamupima damu mbele kiota kibakie wazi. Sisi tungoje jeneza?