Mwacheni Shabiki wa Muvi na Usiku Wake

Kila ikitoka muvi kubwa ya masupahiro, Buxton huwa na kesi moja. Kijana amevaa fulana ya Spider-Man, saa nne na nusu za usiku, yuwangoja tuktuk avuke daraja la Nyali akaone onyesho la kwanza la saa sita. Maskani waanza. Wa kwanza: "Wewe, si ushakuwa mtu mzima?" Wa pili: "Pesa zakuwasha?" Wa tatu, huyu ndiye mwenye elimu, atoa hukumu: "Hawa ndio waliopotezwa na Wazungu."

Mie leo nawajibu wote watatu. Kwa heshima, lakini nawajibu.

Tuanze na wewe wa "mtu mzima." Mechi za Champions League kwetu huanza saa nne au saa tano za usiku. Baba wa watu, ana mke na watoto wanne, avaa jezi yenye jina la mtu asiyemjua wala hatawahi kumjua, apiga kelele mpaka mtaa mzima waamka, na timu yake ikifungwa siku mbili hasemeshwi nyumbani. Huyo hamumwiti mtoto. Mwamwita shabiki damu. Sasa nambieni tofauti iko wapi. Wote wawili wakesha, wote wavaa nguo za watu wao, wote walilia jambo lililotokea mbali. Ila mmoja amezoeleka na mwengine bado. Basi! Kuzoeleka si hoja.

Na msidhani ushabiki huu ni wa kubahatisha. Kutoka Iron Man ya 2008 mpaka Avengers: Endgame ya Aprili 2019 ni muvi 22. Kijana amefuata hadithi moja kwa miaka 11, anakumbuka nani alimwambia nani nini na katika muvi ya ngapi. Kisha Endgame yenyewe ni dakika 181. Ukiianza saa sita za usiku, watoka saa tisa imepita. Hebu nionyesheni kitu chengine ambacho kijana wa siku hizi amekikalia dakika 181 bila kugusa simu. Walimu wenyewe wangeomba wafunzwe siri.

Wewe wa pesa. Kwani ni zako? Amefanya kazi, amejinyima, amenunua tiketi na bisi. Mwaka wa 2024 mji huu mzima ulikuwa ukizungumza muguka, mpaka kaunti ikatoa amri ya kuipiga marufuku. Wazee walilia redioni kwamba vijana wamekosa la kufanya usiku. Haya, huyu hapa amepata la kufanya: aketi kwenye kiti, gizani, na watu mia wasiomjua, wacheke pamoja na walie pamoja, kisha arudi kwao akalale. Na bado mwamcheka! Mwataka afanye nini hasa? Kijana akikaa maskani ni mvivu, akitembea usiku ni mwizi, akienda sinema ni mtoto. Tuchagulieni moja basi.

Sasa nije kwako, ndugu yangu msomi, wa "kupotezwa na Wazungu." Wewe ndiye niliyekuja kwa ajili yako.

Waulize nyanya zetu wa Mji wa Kale habari za Regal na Naaz. Kizazi chao kilipanga foleni kuona filamu za Kihindi. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na buibui zao, na watu wakitoka wameshashika nyimbo vichwani bila kujua neno la Kihindi. Raj Kapoor wa Awaara, muvi ya 1951, alipendwa pwani yote hii, Mombasa mpaka Unguja. Je, walipotea? Mahadhi yale ya sinema yakaingia kwenye taarab. Msikilize Juma Bhalo, sauti ya Mombasa kabisa, uniambie kama husikii Bombay ndani yake. Leo hiyo twaiita urithi wetu, twaicheza harusini na wazee watokwa na machozi. Urithi ule ulianza na kijana aliyekunjua pesa zake dirishani pa tiketi, na bila shaka kulikuwa na mtu barazani akimwambia amepotezwa na Wahindi.

Halafu utaniambia, "Sisi tuna mashujaa wetu, mbona msimpende Fumo Liyongo?" Wallahi swali zuri. Twampenda! Mtu asiyeuliwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ya kitovuni. Amefungwa gerezani, mamake ampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, akata minyororo huku watu nje wapiga ngoma na matwazi. Mwisho yuwauliwa na mwanawe wa kumzaa, aliyedanganywa na adui. Na hata baada ya kufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, mji mzima waogopa kwenda kuteka maji. Hiyo ina kila kitu ambacho Marvel hulipa waandishi mamilioni wakitunge. Muhammad Kijumwa wa Lamu alishauandika utenzi wake tangu 1913. Zaidi ya miaka mia! Sasa nakuuliza wewe unayemtaja kila ukitaka kutunyamazisha: muvi yake iko wapi nikakate tiketi?

Februari 2018 Black Panther ilipotoka, Kisumu walifanya onyesho lao kubwa kwa sababu Lupita Nyong'o ni wao. Kenya nzima ikaimba Wakanda. Mwezi uo huo, kwenye tamasha la filamu la Berlin, ilionyeshwa Supa Modo, muvi ya Mkenya, Likarion Wainaina. Ni ya msichana mgonjwa, Jo, asiye na siku nyingi za kuishi, anayetamani kuwa supahiro, na kijiji kizima chaungana kumtengenezea muvi yake. Kenya ikaituma kushindania Oscar. Hebu tuhesabu mikono pale maskani: ni wangapi waliowahi kuiona? Mie najua ni nani aliyeitafuta. Ni yule mwenye fulana ya Spider-Man.

Hapo ndipo mwakosea hesabu. Mwadhani shabiki wa Marvel ni adui wa hadithi zetu, kumbe ndiye mteja wao wa kwanza. Siku Liyongo akipanda kwenye skrini, wewe utasubiri mtu akuletee kwa flashi. Yeye atakuwa kwenye foleni saa tano na nusu za usiku, na podo la mishale la kadibodi mgongoni. Mkimcheka mpaka aache, mwafukuza watu wa pekee ambao wangelipa. Na ukumbi usio na wateja hufungwa. Regal na Naaz hazikumezwa na bahari.

Kuna hoja moja naikubali: usalama. Kijana wa kiume akirudi saa tisa za usiku ana hofu ya wahuni na hofu ya askari atakayemuuliza yuwatoka wapi. Dada zetu ndio kabisa, wengi hawaruhusiwi, na mimi siwezi kumlaumu mama anayekataa. Lakini dawa ya usiku mbaya si kuuhama. Tulikaa na kafyu kutoka Machi 2020 mpaka ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa yenyewe. Miezi miwili baadaye ikatoka Spider-Man: No Way Home, na ndipo wengi tulipokumbuka kwamba usiku nao ni wetu. Barabara yenye watu wanaotoka sinema ni salama kuliko barabara tupu. Wenye kumbi nao waweke onyesho la kwanza la saa kumi na mbili jioni siku iyo hiyo, dada zetu waingie na warudi mapema. Hilo halihitaji nguvu za Thor.

Na nyinyi mashabiki wenzangu, msicheke sana, zamu yenu. Anayeinua simu kurekodi skrini ndiye anayeua anachodai kukipenda. Anayemwaga mwisho wa muvi kwenye status asubuhi, kabla watu hawajanywa chai, huyo sijui tumwiteje. Thanos angalau alikuwa na sababu.

Kwa hivyo msomi wangu, kelele za baraza tuziache, tufanye kazi. Utenzi waujua kuliko sisi, keti uandike skripti. Buxton ina vijana wenye kamera na wanaojua kuhariri mpaka alfajiri. Watazamaji mwawaona kila muvi ikitoka, wapo stendi. Sisi upande wetu tushajileta, tena na pesa mkononi.