Milioni ngapi? Usiku tulipofutana sisi kwa sisi



Tuanze na aibu yetu wenyewe. Kulikuwa komunike moja ya kukumbuka wafu wa vita, yenye ilipaswa kutoka siku ya posho asubui. Tuliiandika watu watano, kila mutu kwa telefone yake, mu dokima moja ya intaneti yenye kila mutu anaweza kufungua na kubadilisha. Mpaka saa mbili ya usiku mambo ilienda muzuri. Kisha tukafika ku mustari wa hesabu.

Mumoja aliandika "milioni sita". Mwengine akafuta, akaweka "milioni kumi". Wa kwanza akarudisha sita. Wa tatu akaingia na "zaidi ya milioni tano", wale wawili wakamufuta pamoja, njo mara moja tu walisikilizana usiku ule. Ile ilidumu mpaka saa saba. Kwa wawili umeme ulikatika, kwa mumoja mega ziliisha. Muda wote huo hakuna mwenye aliuliza: hii hesabu inatoka wapi? Na kisha neno likatoka, ile ya aina haiwezi kurudi mu kinywa: "Wewe unapunguza wafu juu ya kufurahisha wenye walituua."

Komunike haikutoka. Wandugu wawili walitoka mu kundi la WhatsApp. Mumoja wao alikaa wiki tatu bila kutusalimia, hata tukikutana naye ku soko.

Kati yetu kuko mumoja mwenye anaandika mu Wikipedia, ile ya Kifaransa, na kidogo ile ya Kiswahili. Ana lisansi kama sisi, kazi hana kama sisi, basi muda anao. Tulipomuelezea alicheka, na sisi tukakasirika. Akasema: "Ile munaita mwisho wa harakati, kule ni siku ya kawaida. Iko hata na jina, vita ya kubadilisha. Na iko na sheria."

Tulimuomba atufundishe. Leo tunawapa yenye tulisikia, pamoja na yenye sisi tunawaza juu yake.

Ensiklopedia ile ilianza tarehe 15 Januari 2001, na tangu mwanzo mutu yeyote anaweza kuandika ndani, bila diploma na bila kuomba ruhusa kwa mukubwa. Sasa weka pamoja maelfu ya watu wenye hawajuane, wa inchi zenye zilipigana, wa dini mbalimbali, na kila mumoja ana kifutio mu mukono. Ingepaswa kuanguka mu mwezi wa kwanza. Haikuanguka, na siyo juu watu wa kule ni wapole. Wanatukanana sana, ndugu yetu alituonyesha. Lakini kila neno lenye linafutwa linabaki mu historia ya ukurasa, na jina la mwenye kulifuta, na saa. Hakuna mwenye anaweza kusema kesho "siyo mimi".

Sheria yenye ilitugusa zaidi ni fupi. Mu ukurasa mumoja, mutu hana ruhusa ya kufuta kazi ya wengine zaidi ya mara tatu mu saa 24. Mara ya ine anaweza kufungiwa, kila mara kwa siku moja hivi kama ni kosa la kwanza. Angalieni muzuri: ile sheria haiulizi nani ana haki. Hata kama uko na ukweli wote mu mufuko, mara ya ine unafungiwa, unaenda kulala. Sisi usiku ule tulihesabu kisha: ile mustari ilibadilishwa mara 31. Kama tungekuwa na sheria hiyo, saa mbili na nusu tungekuwa wote tumefungiwa, na komunike ingetoka siku ya posho na kipande kimoja cheupe. Ingekuwa afazali.

Kisha kufungiwa, kuko ngazi. Kwanza munazungumuza ku ukurasa wa mazungumuzo, wenye uko nyuma ya kila makala. Kama muko wawili tu na hamupatane, munaomba mutu wa tatu mwenye hajui mumoja wenu, aseme maoni yake. Kama ni jambo kubwa, munaalika wote wenye wanataka, na munaacha wiki kazaa maneno ikomae. Kura haiko njia ya kawaida: wanahesabu zaidi nguvu ya sababu kuliko wingi wa mikono. Na juu kabisa, ku Wikipedia ya Kiingereza, kuko komite ya waamuzi tangu 2004, yenye waandikaji wenyewe wanachagua. Hapa ndugu yetu alitushangaza. Komite ile haihukumu kama makala inasema kweli ao uongo. Inahukumu namna watu walitendeana: nani alitukana, nani alidanganya juu ya chanzo, nani alikataa kabisa kuzungumuza. Tulizoea kinyume. Kwetu mutu akiwa na haki juu ya jambo, tunamusamehe matusi yote. Akiwa na kosa juu ya jambo, hata adabu yake tunaiita unafiki.

Mufano wa kule wenye tulipenda ni wa muji mumoja wa Poland, ku bahari ya Baltiki. Wapolandi wanauita Gdańsk, Wajerumani wanauita Danzig. Kwa miaka waandikaji walifutana juu ya ile jina: mumoja anaweka Gdańsk mu makala ya mutu wa zamani, mwengine anarudisha Danzig, na kila mumoja anasikia ni babu yake wanafuta. Usicheke. Sisi tuko na Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, zenye mpaka 1966 ziliitwa Léopoldville, Élisabethville na Stanleyville. Jina la muji linasema nani alikuwa mwenye nyumba.

Mazungumuzo yalishindwa. Basi, mwanzo wa 2005, walifanya ile yenye hawapendi kufanya, walipiga kura. Lakini angalieni namna waliuliza. Hawakuuliza "muji ni wa nani?" Walikata historia vipande vipande na kuuliza juu ya kila kipande: mbele ya 1308, wakati Wajerumani wa jeshi la Wateutoni walikamata muji, jina gani? Kisha mpaka 1793? Kisha mpaka 1945? Kisha 1945 mpaka leo? Jibu lilitoka: Gdańsk mbele ya 1308, Danzig kutoka 1308 mpaka 1945, Gdańsk tena kisha. Na kwa jambo lenye linahusu pande zote mbili, mara ya kwanza unaandika yote mawili. Hakuna upande wenye ulirudi nyumbani na muji muzima. Ulizo kubwa lilikuwa haliwezi kujibiwa. Yale madogo yaliweza.

Tulipofika hapo tulirudia ulizo letu. "Wafu ni wangapi?" ni ulizo kubwa. Tulikata. Nani alihesabu? Wakati gani mpaka wakati gani? Alihesabu wenye waliuawa na silaha, ao pia wenye walikufa na malaria na kuhara juu hospitali ilichomwa na barabara ilifungwa?

Na sasa tulisoma, jambo lenye tungepaswa kufanya mbele ya kutukanana. International Rescue Committee ilitoa mu 2008 kadirio la watu milioni 5.4, kutoka Agosti 1998 mpaka Aprili 2007. Wengi wa hao hawakuuawa na risasi, walikufa na magonjwa na njaa zenye vita ilileta. Ni hesabu ya "wenye walikufa zaidi": wanakamata kiasi cha watu wanakufa mu vita, wanatoa kiasi cha watu wangekufa hata bila vita. Basi yote inategemea ile kiasi ya kawaida uliweka. Njo pale watalamu wengine walipinga. Human Security Report, mu 2010, ilisema kiasi ya kawaida iliwekwa chini sana, ni kusema jumla ilipanda sana. Watalamu wa demografia kutoka Ubelgiji nao walipata hesabu ndogo zaidi sana. Milioni sita inaonekana ni ile 5.4 watu waliviringisha na kuongeza miaka. Milioni kumi, tulitafuta uchunguzi wenye unaitoa, hatukuupata.

Ndugu mwenye aliandika kumi alikuwa ndani ya mukutano. Hakufurahi. Alisema, na tunaandika maneno yake muzuri juu yana uzito: "Mustari wenu wa watalamu hautaamusha mutu hata mumoja ku kartie. Milioni kumi inapiga moyo. Na nyinyi, toka lini munaamini Wazungu kuhesabu maiti zetu?"

Hatuna jibu jepesi. Ni kweli mustari wa aina hiyo hauimbwe ku barabara. Lakini tuliona mara nyingi namna wakubwa wanatujibu. Wanatafuta kosa moja mu karatasi yetu, wanalishika, na karatasi yote inaanguka pamoja na mambo ya kweli yenye ilibeba. Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, ya 2010, inaeleza matukio 617 ya jeuri kutoka 1993 mpaka 2003, na hata ile wanapima kuikana. Sasa sisi tutawapa milioni kumi yenye haina mama wala baba?

Juu ya Wazungu kuhesabu, hapo ndugu ana haki, na hapo pia Wikipedia ina ugonjwa wake. Kule haupewe ruhusa ya kuandika yenye uliona na macho. Lazima iwe imeandikwa kwanza mahali pengine penye kuaminika, gazeti, kitabu, ripoti, redio kama Okapi. Sheria ile ni ya lazima, bila hiyo kila mutu angeleta ndoto zake. Lakini fikiria kijiji chenye kilichomwa usiku na hakuna mwandishi wa habari mwenye alifika. Kwa ensiklopedia, kijiji kile hakikuchomwa. Vijana wengi wa huku walipima kuongeza habari za kwao, kisha dakika mbili ilifutwa, na walisema "wanatuzuia juu sisi ni Wakongomani". Mara nyingi ilifutwa tu juu haikuwa na chanzo. Lakini chanzo hakiko juu hakuna mwenye alikuja kuandika. Ni mulango wenye kila funguo yake iko ndani. Komunike yetu nayo haiwezi kuwa chanzo kikubwa, juu sisi ni upande mumoja. Kazi iko mbele zaidi: kusindikiza waandishi wa redio za mutaa, kuandika majina, umri, tarehe, mahali, na kuyaweka mu mikono ya wenye wanaweza kuyachunguza.

Na tusichore Wikipedia kama mbingu. Ile ya Kikroatia ilishikwa karibu miaka kumi na kundi dogo la wasimamizi wa siasa kali ya taifa lao. Mwenye kupinga alifungiwa. Makala zilipunguza uovu wa Jasenovac, kambi yenye utawala wa Ustasha uliulia Waserbia, Wayahudi na Waroma wakati wa vita kuu ya pili. Sheria zilikuwa zimeandikwa palepale, sawa na kwingine. Lakini wenye funguo walikuwa marafiki, walilindana, na hakukuwa nafasi ya kukata rufaa. Shirika lenye linabeba Wikipedia, Wikimedia Foundation, lilitoa ripoti juu ya ile mu 2021.

Tulisoma ile na tukaangaliana. Nani ana neno la siri la ukurasa wetu wa harakati? Watu wawili. Tangu lini? Tangu mwanzo. Wanaliachilia lini? Kimya. Ni wandugu wazuri, hatusemi mubaya juu yao, na mumoja wao alisaidia kuandika makala hii. Lakini hata kule Kroatia walianza kama wandugu wazuri.

Basi hii njo tulikata, na inaanza mwezi huu. Mwenye kufuta mustari wa mwenzake mara mbili anaacha mukono, anasubiri mpaka kesho. Hesabu yenye haina chanzo inatoka, hata kama ni ya mukubwa, hata kama inatupendeza. Wawili wakikosana, wa tatu anatoka timu ingine, wa Beni ao wa Bunia, mwenye hakuwa mu ugomvi. "Umeuzwa" na "unatetea wauaji" ni maneno yenye mutu atajibu kwa timu nzima, na atajibu kwa maneno yenyewe, siyo kwa maoni yake juu ya hesabu. Neno la siri litazunguka kila miezi sita.

Komunike ya kukumbuka ilitoka na wiki ine za kuchelewa. Mustari wa hesabu ulikuwa murefu, na kadirio la 2008, jina la wenye walilitoa, na neno moja kwamba watalamu wengine walilipinga. Chini yake tuliweka majina 23 ya watu wa kartie yetu, yenye familia zao zilikubali. Yule mwenye aliandika kumi njo alipita nyumba kwa nyumba kuyakusanya. Bado anasema mustari wetu ni baridi. Siku ya posho ijayo ataleta majina mengine.