Gemu za Makauboi: Tutazame Kwanza, Ndipo Tukemee



Likizo inapokaribia, sisi waseminari hupewa nasaha nyingi, na mojawapo haikosi kamwe: kaeni mbali na vibanda vya gemu. Wazazi wengi katika parokia za Kibaha na Kisarawe wana msimamo huo huo, nasi tunauelewa. Mtoto aliyetumwa chumvi saa kumi jioni akarudi saa moja usiku hachekeshi. Hata hivyo, tunapenda kutoa hoja moja: kabla ya kukemea gemu, tuitazame. Na tuanze na ile inayoonekana mbaya kuliko zote, yaani gemu ya makauboi wawili wanaosimama uso kwa uso barabarani, mkono karibu na bastola, wakisubiriana nani atachomoa.

Ni kweli kwamba ukipita vibanda vya Maili Moja, Mlandizi au Kisarawe mjini, gemu inayotawala ni mpira. Lakini vijana wakubwa wanazijua pia gemu za kauboi, hasa mbili: Call of Juarez: Gunslinger, iliyotengenezwa na kampuni ya Techland ya Poland na kutoka mwaka 2013, na Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018. Baba zetu wasishangae. Wao walimtazama Django kwenye sinema, wakatoka wakisema "stelingi hafi". Siku hizi stelingi ni kijana mwenyewe aliyeshika padi, na anakufa mara nyingi tu kabla ya kujifunza.

Anajifunza nini? Asiyewahi kucheza hudhani mshindi ni mwenye vidole vyepesi. Katika Gunslinger, pambano linampa mchezaji kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa kidole gumba kimoja anaongoza duara la kulenga ili lisimwache adui, ambaye hatulii. Kwa kidole gumba kingine anauweka mkono wa kauboi wake juu ya bastola, karibu kabisa lakini bila kuishika. Mkono nao hautulii, unateleza, anaurudisha. Kadiri anavyovumilia, ndivyo umakini wake na wepesi wa mkono vinavyopanda. Akitaka anaweza kuchomoa kwanza na kushinda, lakini gemu itaandika kwamba ameshinda bila heshima, na pointi atakazopata ni chache. Mwenye heshima humsubiri adui aanze.

Red Dead Redemption 2 ina njia yake. Kitufe cha nyuma ya padi hubonyezwa polepole, taratibu, mpaka kipimo kijae, ndipo kinapobonyezwa kwa nguvu. Mwenye papara anayekiminya chote mara moja huchomoa vibaya, na mara nyingi ndiye anayeanguka. Aliyebobea kweli hufanya zaidi: analenga bastola iliyo mkononi mwa adui, inaruka, na adui anabaki hai mikono mitupu. Kwa hiyo hata ndani ya gemu yenye damu, ustadi wa juu ni kutawala mkono. Kijana anayefahamu hilo kwa vidole vyake ana mlango ulio wazi wa kuelewa tunachoita kiasi, mojawapo ya fadhila kuu nne.

Historia ya kweli inaongeza neno. Mapambano ya namna hii yalikuwa machache kuliko sinema zinavyodai. Mojawapo ya yale yanayojulikana sana lilifanyika Springfield, Missouri, tarehe 21 Julai 1865. Chanzo kilikuwa saa ya mfukoni. Davis Tutt aliichukua saa ya Wild Bill Hickok kwa deni la kamari, kisha akaivaa hadharani. Walisimama umbali wa meta 70 hivi, wakafyatua, na Tutt akafa. Miaka sita baadaye Hickok alikuwa mkuu wa usalama katika mji wa Abilene, Kansas. Usiku wa tarehe 5 Oktoba 1871, katika ghasia, alimpiga risasi Phil Coe, kisha akasikia mtu akimjia mbio. Akageuka upesi na kufyatua. Aliyeanguka alikuwa Mike Williams, msaidizi wake, aliyekuwa akikimbilia kumsaidia. Mkono ulifika kabla ya jicho.

Kanisa lilikuwa limelikataa jambo hili zamani. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwatenga na Kanisa waliopigana mapambano ya kulinda heshima pamoja na mashahidi wao, na ukawanyima maziko ya Kanisa waliokufa humo. Papa Leo XIII alilirudia katazo hilo katika barua yake ya tarehe 12 Septemba 1891. Hapa tusichanganye mambo: Katekisimu (namba 2263 hadi 2265) inakubali haki ya kujilinda. Kinachokataliwa ni kuua ili jina langu lisichafuke. Hata Petro, pale bustanini, alichomoa upesi na kukata sikio la Malko. Bwana alimwamuru aurudishe upanga alani, na Luka anatuambia kwamba sikio liliponywa.

Hapo ndipo Gunslinger inapotushangaza. Msimulizi wake ni Silas Greaves, mzee aliyeketi katika baa ya Abilene mwaka 1910, akieleza jinsi alivyotumia maisha yake yote kuwasaka waliowaua ndugu zake. Mwishoni tunagundua kwamba mmoja wao yumo humo humo: ni mwenye baa, naye ni mzee. Mchezaji anapewa njia mbili, kisasi au msamaha. Kisasi kina pambano la mwisho. Msamaha hauna pambano: Silas anaondoka. Yaani kijana aliyetumia saa nyingi kujifunza kuchomoa anaulizwa kama yuko tayari kutochomoa kabisa. Swali hilo sisi tunalihubiri kila Kwaresima, na si kila mara tunasikilizwa.

Tutaambiwa kwamba tunatetea gemu za kuua. Hapana. Zote mbili zimewekewa alama ya miaka 17 na kuendelea huko Marekani. Mtoto wa Utoto Mtakatifu au wa mafundisho ya Kipaimara hana kazi nazo, na mwenye kibanda anayemruhusu anakosea. Pia gemu haimfanyi mtu kuwa mwema. Inampa mfano tu, na mfano usiosemewa neno hupita. Ndiyo maana tunahitajika pale.

Kuna aliyewahi kufanya hivyo. Katika miaka ya 1950, huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, vijana wa mitaani walipenda sinema za kauboi hata wakajiita "Bills", kwa jina la Buffalo Bill. Wengi waliwaona wahuni. Padre Joseph de Laet, mmisionari wa Scheut, alikwenda kuishi kazi yake kati yao, wakampa jina la Père Buffalo. Hakuwa kauboi. Aliijua lugha yao, basi wakamsikiliza.

Nasi tuna sababu ya kusikilizwa. Kibaha na Kisarawe ardhi inauzwa kwa kasi, na ugomvi wa bikoni umegawa ndugu wa damu. Bodaboda wawili wakigusana, ngumi hutangulia salamu. Mtu akipiga yowe la "mwizi!", mawe huokotwa kabla hajajulikana aliyekimbia ni nani, na wapo waliokufa nchini mwetu kwa namna hiyo bila kosa. Hata kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, jibu la hasira hutumwa kabla ujumbe haujasomwa hadi mwisho. Hizo ndizo bastola zetu.

Kwa hiyo, ndugu waseminari, likizo hii tuketi na vijana wa VIWAWA na kuwauliza: ukipoteza pambano, huwa umekosea wapi? Wataeleza wenyewe kwamba waliwahi mno. Kisha tuwaulize kuhusu jirani, kiwanja na yowe la mwizi. Nanyi wazazi, ulizeni jina la gemu na umri wake kabla ya kuzima umeme. Anayejua kusubiri mbele ya kioo anaweza kufundishwa kusubiri mbele ya ndugu yake.

Mtakatifu Yohane Bosco, rafiki wa vijana, utuombee.