Dawa Mbili, Safari Moja

Katika maradhi yanayowapata kina mama, saratani ya vifuko vya mayai ya uzazi, ambayo waganga huiita saratani ya ovari, ni miongoni mwa yanayojificha sana. Tumbo hujaa, mgonjwa hushiba kwa matonge mawili, nyonga humuuma, haja ndogo humwita kila mara. Hapa Visiwani mambo hayo huitwa chango, au gesi, au utu uzima, na mama mwenyewe huona haya kuyasema mbele ya wanawe. Anapofikishwa hospitali, mara nyingi ugonjwa umekwisha kutoka kwenye kifuko na kuenea tumboni.

Hata hapo tiba ipo, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo. Daktari hupasua na kuondoa uvimbe wote awezao kuuondoa. Pamoja na upasuaji huo, mgonjwa hutiwa dawa mbili kwa dripu, karboplatini na paklitakseli, zote katika siku moja, kila baada ya siku 21, kwa kawaida mara sita.

Dawa hizi hazikuoanishwa kwa kubahatisha. Karboplatini ni jamaa wa sisplatini, dawa itokanayo na madini ya platini ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1978. Paklitakseli ilitokana na gamba la mti wa misitu ya magharibi ya nchi hiyo hiyo. Ya kwanza huharibu vinasaba vya chembe ya saratani. Ya pili hukaza nyuzi ambazo chembe huzitumia kujigawa. Chembe iliyoponyoka mlango mmoja hukutwa kwenye mlango wa pili. Mwaka 1996 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wanawake zaidi ya 380 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeenea. Waliotibiwa kwa sisplatini pamoja na dawa ya zamani, saiklofosfamidi, nusu yao waliishi miezi 24 au zaidi. Waliopewa sisplatini pamoja na paklitakseli, nusu yao walifika miezi 38. Baadaye karboplatini ilishika nafasi ya sisplatini, kwa kuwa huzionea huruma figo na haitapishi sana.

Miezi 14 ni tofauti ndogo katika daftari la mhasibu. Kwa mama mwenye mtoto anayeanza skuli, ni zaidi ya mwaka mzima wa kumwona akijifunza kusoma.

Tunayasema haya kwa sababu ugonjwa huu, tofauti na saratani nyingine, kwa kawaida hauhitaji mashine kubwa za mionzi. Huhitaji mpasuaji hodari, maabara ya kupima damu kabla ya kila dripu, wauguzi waliofunzwa, na dawa mbili zilizokwisha muda wa hati miliki zake, ambazo sasa hutengenezwa na viwanda vingi. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na saratani hii imetajwa humo waziwazi. Siku hizi zinasifiwa dawa mpya, kama olaparibu, ambazo huwafaa baadhi ya wagonjwa. Lakini bei yake ni kubwa mno, na hatuoni busara ya kuzizungumza kwa shauku ilhali zile za msingi hazijahakikishwa.

Kuhakikisha ndiko kwenye kazi. Dripu ya paklitakseli huhitaji kutanguliwa na dawa za kuzuia mzio, la sivyo mgonjwa huweza kudhurika akiwa kitandani. Zikikosekana hizo, dawa kuu hubaki kabatini. Ikikosekana moja ya zile mbili, ratiba huvunjika. Tunajua wapo wagonjwa dhaifu ambao daktari huona afadhali awape karboplatini peke yake. Uamuzi huo ni wa daktari baada ya kumpima mgonjwa, na haifai hata kidogo ufanywe na kabati tupu la ghala.

Na tufikirie safari yenyewe. Mama wa Micheweni hushuka hadi bandarini, akavuka kwenda Unguja, na akipelekwa Dar es Salaam huvuka mara ya pili. Hufanya hivyo mara sita, katika muda usiopungua wiki 15, hali nywele zimemtoka na vidole vimekufa ganzi, akifuatana na binti aliyeacha biashara yake. Akifika akaambiwa dawa moja ipo na nyingine arudi wiki ijayo, nauli ya watu wawili imepotea, na yule asiyekuwa na jamaa wa kumpokea mjini huenda asirudi tena.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa Wizara ya Afya kwamba dawa hizi ziagizwe kwa dozi kamili ya kila mgonjwa: mgonjwa anapoandikishwa, dripu zote sita, pamoja na dawa za kuzuia mzio, ziwekwe kwa jina lake kabla ya ile ya kwanza kuanza. Tunaomba pia Pemba iandaliwe wauguzi na chumba cha dripu, ili safari ya Unguja ibaki kwa upasuaji na uchunguzi mkubwa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai. Waheshimiwa Wawakilishi watakapoletewa makadirio ya Wizara, wayatafute majina ya dawa hizi mbili katika fungu la ununuzi, na wakiliona moja bila ya jingine, wamwombe Waziri maelezo kabla ya kupitisha fungu hilo.