Jina ni Deni

Watu wengi hudhani kwamba mtu hukumbukwa kwa sababu jina lake latajwa sana. Dhana hiyo ni potofu, na ubaya wake ni kuwa yafanana na kweli. Jina laweza kutajwa mara elfu kwa siku, na mwenye jina asikumbukwe hata mara moja. Kama wataka ushahidi, ewe kijana msomaji, usiende mbali. Panda kilima cha Upper Hill, magharibi ya kitovu cha mji wa Nairobi, uwasikilize watu wakielekezana njia.

Mmoja atamwambia mwenziwe, "Nishushe Ralph Bunche." Mwingine atasema, "Nakungoja Argwings Kodhek." Ni nani hao? Bunche alikuwa Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili mjini London mwaka 1937, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta. Mwaka 1950 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi ya upatanishi, akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Kodhek alikuwa mwanasheria wa kwanza Mwafrika katika Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari, kumtetea mtu aliyeshtakiwa kuwa Mau Mau kulikuwa ni kujitafutia uadui wa serikali, Kodhek aliwatetea. Mwaka 1955 alianzisha chama cha siasa, na serikali ya kikoloni ikakataa kisienee nchi nzima. Alikufa mwezi wa Januari 1969, akiwa waziri, katika ajali ya gari kwenye barabara ambayo leo ina jina lake. Maelfu hupita barabara hiyo kila siku wakilitaja jina lake kwa hasira ya msongamano wa magari. Jina limebaki juu ya kibao. Fikira imeanguka kando ya njia kama ganda la ndizi.

Basi kibao hakitoshi. Wala jengo halitoshi. Itazame hospitali kuu iliyo juu ya kilima hicho. Ilianza mwaka 1901 kuwa hospitali ya wenyeji. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Mwaka 1964, baada ya uhuru, ikaitwa kwa jina la Kenyatta. Katika kila zama wagonjwa walikuwa wale wale, na maumivu yale yale, lakini jina la mlangoni lilifuata mwenye mamlaka. Sisemi haya kwa kubeza hospitali iliyoponya watu wengi. Nasema ili ujue kwamba jina lililopandwa kwa amri huweza kung'olewa kwa amri. Ukumbusho wa kweli hauna budi kuwa na mizizi mahali pengine.

Teremka sasa upande wa mashariki hata ufike Uhuru Park, bustani iliyo baina ya kilima na majumba ya mjini. Ilifunguliwa mwaka 1969, iwe mahali pa kupumzika mtu asiye na bustani nyumbani kwake. Mwaka 1989 chama tawala kilikusudia kujenga humo jumba la ghorofa 60, pamoja na sanamu kubwa ya rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, alisimama kupinga. Silaha yake ilikuwa kalamu. Aliziandikia ofisi za serikali, mashirika ya kimataifa na balozi wa Uingereza, akiuliza kama watu wa London wangeridhia jengo kama hilo katika Hyde Park. Alikwenda mahakamani, shauri lake likatupwa, ikasemwa kuwa hana haki ya kushtaki. Bungeni alilaumiwa na kudhihakiwa, na wanawake aliofanya nao kazi wakaitwa kundi la walioachwa na waume. Rais naye alisema kwamba mwanamke afuataye mila huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Chama chake kilifukuzwa katika nyumba ya serikali kilimokuwa na ofisi. Hata hivyo kelele zilifika ng'ambo, wakopeshaji wakajitenga na mradi, na hatimaye uzio uliozungushwa bustanini ukaondolewa.

Tazama ajabu ya mambo. Waliotaka sanamu pale hawakuipata. Yule asiyetaka sanamu amekuwa alama ya mahali pale, wala halikuchongwa jiwe.

Kwa nini ikawa hivyo? Kwanza, fikira yake ilikuwa na mahali. Haki ni neno pana, na mtu aweza kulisema maisha yake yote asijue laanzia wapi. Lakini kwamba nyasi hizi ni zetu sote, hilo hata mtoto achezaye juu yake hulifahamu. Pili, mwenye fikira aliilipia mbele ya macho ya watu. Fikira isiyomgharimu mwenyewe kitu ni kama nguo ya kuazima, watu huitazama lakini hawaamini kuwa ni yake. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, jambo alilolifanya wengine waliweza kulifanya pia. Kodhek naye alikuwa na mahali, nako ni mahakamani, naye alilipa. Kilichopungua si ushujaa wake. Tuliopungua ni sisi, ambao hatukuichukua kazi yake mikononi mwetu na kuisimulia huku tukiifanya. Mtu huwa alama ya fikira yake si kwa sababu wengi wamemsifu, bali kwa sababu wako wanaoendelea. Siku wanapokoma, alama hugeuka kibao.

Ushahidi haukukawia. Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuja Uhuru Park kufunga chakula, wakidai wana wao wafunguliwe. Monica Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere, alikuwa miongoni mwao, na Wangari aliketi nao. Bustani iliyookolewa miaka miwili nyuma ndiyo iliyowapa mahali pa kukaa. Hapo wakapaita Freedom Corner, yaani Pembe ya Uhuru. Halikuwa jina lililotolewa na baraza la mji. Tarehe 3 Machi askari waliwavamia kwa virungu na moshi wa kutoa machozi. Wangari alipigwa hata akazimia. Baadhi ya wazee wale wakavua nguo zao mbele ya askari, tendo ambalo katika mila za wengi wetu ni laana nzito kwa kijana aliyeisababisha. Walipofukuzwa, walihamia katika kanisa kuu la All Saints lililo karibu, wakakaa huko takriban mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakiwadai walikuwa wameachiliwa.

Hapa, msomaji mwema, yafaa tujilaumu. Wanafunzi wengi hulijua jina la Wangari. Ni wangapi waliojua jina la hata mama mmoja kati ya wale? Alama ina kawaida ya mti mkubwa, kivuli chake huburudisha na pia huficha. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aghalabu waundaji walikuwa wengi, aliyesalia katika picha akawa mmoja. Kumheshimu mmoja kwa kuwasahau wenzake si heshima, wala yeye mwenyewe hakuidai.

Wako wasemao kwamba watu wa namna hii huzaliwa wakiwa na kitu ambacho sisi hatuna. Hutaja elimu yake: mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari, akawa mwanamke wa kwanza Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata. Hutaja Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Maneno hayo huonekana kuwa ni sifa, kumbe ni njia ya kukwepa kazi. Kama shujaa huzaliwa, basi sisi ambao hatukuzaliwa hivyo tumesamehewa; tukae kitako tupige makofi. Lakini akina mama wa 1992 hawakuwa na shahada, walikuwa na wana gerezani. Na chombo cha Wangari tangu mwaka 1977 kilikuwa mche wa mti, kitu ambacho mwanamke yeyote wa shamba aliweza kuotesha ndani ya kopo. Aliyechagua chombo rahisi namna hiyo alikusudia kigusike na mikono mingi.

Wengine huja na hila iliyo nyepesi zaidi. Hawamkatai, humlainisha. Wamemfanya bibi mpole wa kalenda, mpenda maua, Mama wa Miti ambaye kila mtu aweza kumsifu bila hofu. Lakini mche wake ulikuwa swali: ardhi hii ni ya nani, na ni nani aliyewapa ruhusa ya kuigawa? Swali hilo likiondolewa, husalia mti tu, na mti mtupu hamwogofyi mnyakuzi. Wangari alifariki tarehe 25 Septemba 2011 katika hospitali iliyo kando ya barabara ya Argwings Kodhek. Kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, alilazwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji. Mwaka 2016 barabara ya mjini iliyoitwa Forest Road ilipewa jina lake. Nia ilikuwa njema. Lakini tukidhani kwamba kwa kibao hicho deni limelipwa, atatajwa naye kama Kodhek, kwa hasira ya msongamano wa magari.

Upper Hill penyewe pamebadilika. Nyumba za zamani zenye bustani pana zimepisha majumba marefu, na moja lililokamilika mwaka 2017 hufikia urefu wa meta 200 hivi. Sisemi mji usikue, kwa maana hata wanaolima na kujenga wanahitaji hospitali, benki na ofisi. Nasema kwamba mtu akimsifu Wangari asubuhi ndani ya ukumbi, na jioni akatia sahihi ya kugawa uwanja wa umma, hakumsifu. Amemwamuru anyamaze kwa mara ya pili. Bali mwaka 2019, ilipojulikana kwamba barabara mpya ya juu ingemega ukingo wa Uhuru Park, watu walipaza sauti wakilitaja jina lake, na mpango ukabadilishwa. Siku hiyo alikumbukwa kweli, maana jina lake lilifanya kazi.

Kwa hiyo, kijana msomaji, utakapokutana na jina la mtu juu ya barabara, shule au jengo, usiridhike kulisoma. Uliza mambo matatu. Mtu huyu alisema nini? Kilimgharimu nini? Ni nani leo anayeifanya kazi yake? Kama swali la tatu halina jibu, usiulaumu mji wala serikali kwanza. Tazama mikono yako mwenyewe. Huenda uwanja wa shule yako unamegwa, au mwenzako ameonewa na hapana amsemeaye. Hapo ndipo Kodhek na Wangari na wale akina mama wanapongoja.

Wafu hawahitaji sifa zetu, kwani sifa haziwafikii. Jina walilotuachia si pambo la kuvaa siku ya sherehe. Ni deni, na deni halilipwi kwa kulitaja.